Malindi ni ya Matajiri

"Kitaliano chako umekipata wapi?" aliniuliza yule mzee, mkono mmoja ukiwa bado umeizuia sahani nisije nikaiondoa kabla hajamaliza.

"Malindi," nikamwambia. "Kenya. Ndiko kwetu."

Akaweka uma chini. Akanitazama kuanzia viatu hadi aproni niliyokuwa nimefungwa punde tu, aproni yenye doa la nyanya la mtu mwingine. Kisha akacheka, kicheko cha mtu mwenye meno machache na asiyejali nani anayaona.

"Malindi ni ya matajiri," akasema. "Mimi hata Sardinia sijafika."

Akarudi kwenye makaroni yake. Mimi nikabaki nimesimama na jagi la maji katika bwalo la maskini la Jumuiya ya Sant'Egidio, Via Dandolo, Trastevere, mjini Roma, sina la kujibu.

Sasa niko nyumbani likizo. Nimekula mahamri na mbaazi mpaka basi, nimezunguka nyumba zote zinazostahili kuamkiwa, na bado kauli ya mzee yule inanikereketa. Nimeizungusha wiki kwa wiki. Acha niiandike labda itaniachia.

Italia tuliyokua nayo

Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa jinsi mtoto anavyojua Kitaliano bila kukanyaga darasa. Ami yangu ana mashua ya kioo, hupeleka wageni kuangalia matumbawe, na anaweza kumweleza Mtaliano tofauti ya pono na changu vizuri kuliko mhadhiri yeyote. Lakini sijawahi kumsikia akimwuliza mgeni wake analipwa kiasi gani kwao, au anaishi na nani, au kodi ya nyumba imempanda. Ya nini? Mgeni ni mgeni. Amekuja na pesa, ataondoka na picha.

Italia yetu ilikuwa ya majumba yenye kuta ndefu na mlinzi wa Kigiriama getini. Ilikuwa ya Ngomeni, ambako walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 wakaiita Uhuru kwa kuwa iliangukia sikukuu yetu. Na zaidi ya yote ilikuwa Italia ya mfadhili. Kila mtaa una mtoto mwenye mfadhili: karo inalipwa, sare inashonwa, na kila mwaka mtoto anasimamishwa ukutani apigwe picha akiwa ameshika karatasi yenye neno la shukrani.

Mkono wa kutoa ulikuwa upande mmoja. Sisi tulikuwa upande wa pili, tumekinga.

Nilipomsimulia ami kwamba nimewapakulia Wataliano maskini chakula, aliacha kukumba maji ndani ya mashua.

"Mtaliano maskini?"

"Wapo, ami. Wengi tu."

"Basi hao si Wataliano. Hao ni Waalbania." Ameyatoa wapi mambo ya Albania, sijui. Nadhani kwa wageni wake hao hao.

Si mapadri

Aliyenialika ni rafiki yangu wa Goma, Kongo, ninayesoma naye Perugia, Italia. Kiswahili chake na changu hukutana njiani, yeye akisema "batu", mimi nikisema "watu", na tunaelewana kuliko tunavyoelewana na walimu wetu. Aliniambia kwa ufupi: "Jumamosi twende Roma nikuonyeshe batu bangu." Nikajua ananipeleka kwa masista. Nikavaa shati la mikono mirefu.

Hawakuwa masista. Jumuiya ya Sant'Egidio ni ya walei, Wakatoliki wa kawaida. Waliotupokea ni mwalimu wa hesabu, muuguzi, mama mmoja anayefanya kazi ofisini siku tano kwa wiki, na mstaafu aliyekuwa dereva wa basi. Wana wake na waume, wana watoto wanaowasumbua, na kazi za jumuiya huzifanya bila mshahara, baada ya saa za kazi. Mapadri wamo, lakini si wao walioianza. Aliyeianza ni Andrea Riccardi, mwaka 1968, kijana wa miaka 18 aliyekuwa bado sekondari. Yeye na wenzake walikuwa wakisoma Injili pamoja, kisha wakivuka mji kwenda kwenye vibanda vya pembezoni kufundisha watoto ambao shule za Roma zilikuwa zimewashindwa. Nyumba ya Piazza di Sant'Egidio, iliyokuwa ya watawa Wakarmeli, waliingia baadaye, mwaka 1973. Leo wako katika nchi zaidi ya 70.

(1968 ndio mwaka bahari yetu ya Malindi ilipotangazwa hifadhi. Nilimwambia ami. Akasema basi Wataliano hao wana umri sawa na matatizo yake na askari wa hifadhi.)

Nilidhani habari ya walei hao itanishangaza, haikunishangaza. Mimi ni mtoto wa Shela, Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Nimekua nikiona anayesalisha ni yule yule aliyetuuzia samaki asubuhi. Nyanya yangu mzaa mama ni mtu wa Lamu, na hadithi yake isiyokwisha ilikuwa ya Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, akajenga msikiti wa Riyadha na kuwafungulia darsa watu ambao mabwana wa mji waliona hawastahili kufundishwa: waliokuwa watumwa, watoto wao, wageni wa juzi waliokaa pembezoni. Wenye mji walikasirika. Si kwa sababu aliwapa sadaka, sadaka hata wao walitoa. Walikasirika kwa sababu aliwakalisha.

Hilo la kukaa tulishike. Nitalirudia.

Vita vya watu wengine

Uani, chini ya mgomba uliopandwa mbali mno na kwao, yule mstaafu alitueleza habari za Msumbiji. Ndani ya nyumba ile, kuanzia Julai 1990, serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo walikutana, wakagombana, wakaondoka, wakarudi, mpaka tarehe 4 Oktoba 1992 Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walipotia saini mkataba wa amani. Vita vilikuwa vimechukua miaka 16, na waliokufa hukadiriwa kufikia milioni moja. Waliosuluhisha walikuwa wanne: Riccardi, padri kijana aitwaye Matteo Zuppi ambaye leo ni kardinali wa Bologna, mwanasiasa Mario Raffaelli aliyewakilisha serikali ya Italia, na Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira.

Gonçalves ndiye aliyenivutia. Walimfahamu tangu akiwa masomoni Roma, kabla hajawa mtu mkubwa. Wakawa marafiki. Aliporudi kwao akakuta nchi inaungua, akawaambia marafiki zake. Wakatuma chakula na dawa kwanza. Miaka ikapita, wakaona unga na dawa havimalizi kitu kama bunduki zingali zinalia. Yaani mkataba ule ulianzia kwa mwanafunzi mgeni aliyealikwa kula.

Nikauliza, kwa sababu nisingeweza kutouliza: na Cabo Delgado je? Tangu Oktoba 2017 kaskazini ya Msumbiji kunachinjwa watu, watu wa pwani moja na sisi, ambao Kimwani chao ukikisikiliza kwa makini unashika nusu. Na sisi wenyewe tuna mashambulizi ya Mpeketoni, tuna msitu wa Boni, tuna barabara ya Lamu ambayo kwa miaka basi halikutembea bila askari.

Yule mstaafu hakujitetea. Alisema amani ya 1992 ilimaliza vita vya 1992. Kisha akanyanyuka kwenda kufungua mlango, kulikuwa na mtu anagonga.

Nililipenda jibu hilo kuliko hotuba.

Aliyekataa mchele

Rafiki yangu wa Goma naye ana mtu wake. Floribert Bwana Chui alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio mjini Goma, kijana wa miaka 26, mkaguzi wa bidhaa zinazopita mpakani. Jioni alikuwa akikaa na maibobo, kama Goma wanavyowaita watoto wa mitaani, akiwafundisha na kuwatafutia karo. Kazini aliletewa hongo apitishe chakula kilichooza. Akakataa, mara zaidi ya moja. Mwaka 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Juni 2025 Kanisa likamtangaza mwenye heri, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, na rafiki yangu alikuwemo humo, analia na kupiga vigelegele kwa zamu.

"Ile mchele wangekula batu ya kwetu," aliniambia. "Mama yangu angeinunua sokoni."

Nilikuwa nikisikiliza nikiwa na bandari ya Mombasa kichwani. Sina haja ya kusema zaidi, mnasoma magazeti.

Msalaba usio na mikono

Katika kanisa dogo la Sant'Egidio kuna msalaba wa mbao wa zamani. Yesu aliyeko juu yake hana mikono. Imekatika, na hawakuiunga tena. Fundi yeyote wa Lamu, wale wanaochonga milango, angeichonga upya wala usione pa kiungo. Hawakutaka.

Mimi ni Mwislamu, na mbele ya msalaba sina ninachofanya zaidi ya kusimama kwa adabu. Nilisimama. Mabega yale yanaishia ghafla, mbao imechanika kwa nyuzi nyuzi, na vumbi limejikusanya kwenye mpasuko wa upande wa kushoto. Hakuna aliyenieleza maana yake na sikuuliza.

Mtaa usiokuwepo

Asubuhi tuliposhuka Termini, stesheni kuu ya Roma, nilipita haraka kama kila mtu. Mchana ndipo nilipoelezwa kuhusu Modesta Valenti.

Alikuwa bibi asiye na makao, akilala kuzunguka stesheni ile. Tarehe 31 Januari 1983 akazidiwa. Gari la wagonjwa likaitwa, likaja, na waliokuwemo wakakataa kumpakia kwa sababu alikuwa mchafu na ana chawa. Saa zikapita, huyu akimsukumia yule. Akafa pale pale stesheni.

Tangu hapo jumuiya humkumbuka kila mwaka. Kanisani husomwa majina ya waliokufa barabarani, jina moja moja, na kila jina likawashiwa mshumaa. Wasiojulikana jina hutajwa kwa kile kilichojulikana. Nilipoelezwa hivyo nikakumbuka hitima zetu, jinsi maalim anavyoweza kusahau dua nzima lakini asisahau jina la marehemu wa mtu.

Lakini kilichonishika hasa si mishumaa. Ni mtaa. Italia kwa miaka mingi asiye na anwani hakuwa na daktari wa kumwandikisha, na haki zake nyingi zilibaki hewani. Basi Manispaa ya Roma ina mtaa ambao haupo, hauna nyumba wala taa: Via Modesta Valenti. Asiye na makao huandikishwa huko. Kwa karatasi ni mkazi wa mtaa wenye jina la bibi aliyefia stesheni, na kwa karatasi hiyo anapata daktari.

Usiku ule kwenye treni nilifikiria Wapemba wa Mayungu. Watu waliozaliwa hapa, wazazi wao wamezikwa hapa, wamelisha mji huu samaki, na mpaka Julai 2023 serikali ilipowatambua rasmi kuwa kabila la Kenya, walikuwa hawana kitambulisho. Jirani yetu mmoja alisajili laini ya simu kwa jina la mtu mwingine na mashua kwa jina la mtu mwingine tena. Akifa nani angesema ni nani aliyekufa? Sisi tulikuwa tukimtania kwamba yeye ni jini. Naye alikuwa akicheka.

Roma walitunga mtaa. Sisi tuliambiana subiri kamati.

Zamu

Sasa bwalo.

Liko Via Dandolo tangu 1988. Nilitarajia foleni na sinia, yale tunayoona kwenye runinga. Hakuna foleni ya chakula. Mtu anaingia, anakaa mezani, meza ina kitambaa, na wewe unamfuata kumwuliza atakula nini. Akitaka kuongezwa anakuita. Akiona makaroni hayakuiva anasema hayakuiva, na anasema kwa sauti.

Aliyenipa aproni alinipa sheria mbili: muulize mtu jina, na ukishaambiwa usilisahau. Nilikuwa na meza tatu. Mmoja alikuwa mwanamke wa Roma, amejipaka rangi ya mdomo, amevaa hereni, huwezi kamwe kumdhania. Kulikuwa na Mmisri aliyenisalimia Assalamu alaykum kabla sijafungua mdomo. Na yule mzee ambaye hata Sardinia hajafika.

Ukutani jikoni nikaona karatasi ya zamu. Jumatano fulani, Ijumaa fulani, nani anaosha, nani anapakua.

Hapo shaka ikanipanda. Walikuwa wamenijaza neno "rafiki" tangu asubuhi: maskini ni rafiki zetu, wazee ni rafiki zetu. Rafiki gani huyo unayempangia zamu? Mimi rafiki zangu wa Shela siwaandiki kwenye karatasi. Nikamwambia mwenzangu wa Goma, kwa Kiswahili, ili wengine wasisikie.

Hakukasirika. Akaniuliza nyumbani kwetu nani alimlisha nyanya alipokuwa hoi kitandani. Nikasema mama na dada zake. Kila mtu siku yake? Kila mtu siku yake. "Eeh," akasema, akaendelea kukausha vikombe.

Jibu zuri. Halikunitosha, kwa sababu nyanya alikuwa nyanya yetu.

Pembeni yetu alikuwa mwanamke wa makamo anayeosha masufuria. Aliposikia natoka Malindi akauliza: ni karibu na Chakama? Mmalindi akiwa Italia lazima alijue swali hilo. Mwaka 2018 binti wa Kitaliano aliyekuja kujitolea alitekwa Chakama, akafichwa Somalia, akarudi kwao Mei 2020 akiwa amesilimu, na nchi nzima ikampokea nusu kwa maua nusu kwa matusi. Nikasema ndiyo, karibu. Nikangoja. Yule mama akasema tu kwamba alimwombea kila jioni, na kwamba angali anamwombea, kisha akanipa sufuria niisuuze.

Mkono wa juu

Niseme lililonileta hapa.

Nilipokuwa napita kati ya meza na jagi langu, nilikuwa na raha. Raha kubwa. Mgongo ulininyooka. Kila "grazie" ilinipanda kichwani, na nikajikuta nampendelea anayeshukuru kuliko anayelalamika. Kuna wakati nilitaka mtu anipige picha nimtumie mama. Mtoto wa Malindi anamlisha Mtaliano! Nilikuwa nimeshaipangia na maneno ya kuweka chini yake.

Ndipo yule mzee akasema lake, akacheka, na picha ikanivunjikia.

Kwa sababu nilimwona mfadhili. Si mzee, bali mimi. Niliuona uso wa wale wanaokuja na mabegi ya kalamu za rangi kwenye shule za Barani, wanaochuchumaa katikati ya watoto na kusema "cheese". Miaka yote nilikuwa nikijiuliza wanapata nini. Sasa najua wanapata nini, nimekionja, na ni kitamu hasa.

Chuoni tulifundishwa hadithi ya Mtume kwamba mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini. Maalim wetu aliitumia kutuhimiza tufanye kazi tusiombe. Hakuna aliyetuambia kwamba mkono wa juu unalevya. Wala hatukuambiwa aliye chini hukaa akiutazama kutoka chini, anauona hadi kucha.

Na mzee alikuwa ameuona wangu. Kwake mimi sikuwa mtoto wa mwambao aliyepanda juu kwa siku moja. Nilikuwa mtu wa Malindi, mahali pa matajiri, mahali ambapo mwenye nyumba wake huenda Januari. Sote wawili tulikuwa tumekula uongo wa biashara moja: mimi niliuziwa kwamba Wataliano wote wanazo, yeye aliuziwa kwamba Malindi ni vitanda vya jua na kamba wa kuchoma. Katikati ya uongo huo wakapita watu wa aina moja tu, wenye tiketi, na sisi wawili tukabaki kila mmoja ufukweni kwake.

Nikavuta kiti nikakaa. Sheria haikukataza. Nikamwambia kodi ya chumba Maweni ni kiasi gani, na ami anapata wateja wangapi msimu ukiwa mbaya. Akaniuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa na mtalii. Naye akanieleza alikuwa fundi wa rangi za nyumba, akaanguka kutoka kwenye jukwaa, na mengine hayanihusu kuyaandika.

Jagi likaisha maji mezani pale pale. Mwanamke mwenye hereni akaita kwa hasira kwamba ana kiu tangu saa nzima.

Jioni walikwenda kusali Santa Maria in Trastevere. Mimi magharibi nilikuwa nimeshaswali katika chumba walichonipa, kibla kwa simu, koti langu likiwa mswala. Nikakaa kiti cha nyuma. Juu ya altare, kwenye mozaiki ya karne ya 12, Yesu ameketi na mama yake kwenye kiti kimoja, amempitishia mkono begani. Walioimba walikuwa mchanganyiko, na baadhi ya niliowapakulia nikawaona, mabegi yao miguuni. Mzee wangu hakuwepo. Alikuwa ameniambia mapema kwamba yeye hapendi kanisa, anapenda mchuzi.

Nyumba ya nyuma

Nilimweleza mama yote haya ukumbini, yeye akichambua mchele. Nilitarajia aulize kama chakula kilikuwa halali. Badala yake akasema, "Basi umzoee na huyu wetu."

"Nani?"

"Mtaliano wa nyumba ya nyuma."

Namfahamu kwa kumwona. Alikuja zamani, akafungua mkahawa, mkahawa ukafa wageni walipokatika, mke akaondoka, akabakia na pensheni ambayo huko kwao isingemlipia hata chumba. Mama humpelekea bakuli tangu alipoanguka bafuni. Ramadhani humpelekea futari. Hajawahi kunieleza kwenye simu hata mara moja.

"Nikueleze nini? Mtu ana njaa, kuna hadithi hapo?"

Jioni yake nikatumwa na samaki wa kupaka. Nikamsalimia kwa Kitaliano, akanijibu kwa Kiswahili cha Malindi, tena kwa ukali, kwamba Kitaliano nikaongee na watalii. Akaonja kwanza akiwa amesimama. Akasema nazi imezidi. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la shule la mraba mraba, akavaa miwani, akaandika tarehe na "samaki".

Nikachungulia. Kurasa na kurasa. Viazi vya nazi. Uji. Kaimati. Pilau, siku ya Idi. Mbele ya kila kitu ameweka bei, na chini ya kila ukurasa jumla. Kuna malimbikizo ya pensheni anayadai, akaniambia, na siku yakija atamlipa mama yangu mpaka senti ya mwisho.

Akaniuliza samaki wa kupaka siku hizi ni kiasi gani. Bei aliyokuwa ameiandika mara ya mwisho ni ya miaka kumi na tano iliyopita, mkahawa wake ulipokuwa bado wazi. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, haijabadilika. Akanitazama juu ya miwani, akajua namdanganya, akaandika.

Mama sijamwambia kuhusu daftari. Akijua ataona ametukanwa, atakwenda mwenyewe kulichana, na wale wawili watanuniana mpaka mimi nirudi Perugia.